Vumbi la Ngoma Kubwa

Mwanangu Shabani,

Salamu ya baba yako ikukute mzima, na miguu yako iwe haijachubuka bado. Nadhani unaisoma karatasi hii pale Ndundu, ukingoja mtumbwi wa kukuvusha uendelee na safari ya Kilwa. Nimeisokomeza ndani ya mzinga wa ngoma ndogo kwa sababu nakujua: huwezi kubeba ngoma nusu siku bila kuipindua na kuichungulia tumboni. Ulikuwa hivyo tangu hujang'oka meno ya utoto.

Sasa hivi ni baada ya adhuhuri. Wewe umekwenda Chumbi kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka ule, hata kama cha kula chenyewe ni mizizi ya ming'oko ya porini. Mafuta ya taa hatuna, kwa hiyo naandika mchana. Nimekaa juu ya kigogo changu cha kazi, ubao kwenye mapaja, na kuku wa jirani, yule mmoja aliyesalimika na njaa hii, ananitazama kana kwamba nina punje za kumrushia. Utanisamehe mwandiko. Mkono huu umezoea tezo kuliko kalamu.

Mambo ya njiani umeshaambiwa na kila mtu mpaka yamekutoka puani, sina la kuongeza. Mimi nina jambo langu jingine. Nimelibeba tangu masika ya mwaka jana, na ningekuwa na moyo wa kiume ningekuambia ana kwa ana. Nimejaribu mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa juzi, tulipokuwa tunakwangua ngozi, ukaniuliza, "Baba, mbona huli?" Nikasema jino linauma. Jino langu halina ubaya wowote, Shabani.

Niache nianzie mbali kidogo. Si kwamba nakwepa. Au labda nakwepa, lakini nitafika.

Unakumbuka vibuyu? Ulikuwa na umri wa miaka saba hivi. Nilikuwa natengeneza marimba ya harusi, vibao nimeshavichonga, nahangaika kutafuta kibuyu cha kuning'iniza chini ya kila kibao. Miaka yote nilichagua kwa macho: kibao kirefu kibuyu kikubwa, kibao kifupi kibuyu kidogo. Nusu ya vibuyu nilikuwa navitupa. Wewe ukakaa pembeni ukawa unapuliza midomo ya vibuyu, huu, huu, unanikera. Kisha ukagonga kibao kimoja, ukasogeza kibuyu kimoja chini yake, na kibao kikalia mpaka mama yako akatoka jikoni. "Baba, hiki kimeitika!" ukasema. Ukanieleza kwamba pumzi ya ndani ya kibuyu ina sauti yake, na ikiwa ni ileile ya kibao, basi viwili hivyo vinasaidiana. Mtoto wa miaka saba.

Nami nilikwambia nini? Nilikwambia utoke hapo, unanipotezea wakati. Ulipotoka nikavipuliza vibuyu vyangu vyote kimoja kimoja, na marimba yale yakasifiwa mpaka Kibiti. Watu waliponiuliza, nikasema ni maarifa niliyoyafikiria mwenyewe siku nyingi. Ulikuwepo, ukanisikia nikisema hivyo. Ulinitazama tu, ukaendelea na mchezo wako. Nimeanza na hilo ili ujue kwamba ugonjwa wangu haukuanza na vita.

Na mchezo wa unga je? Huo niliufundisha mimi, nao ni wangu kweli. Unanyunyiza unga juu ya ngozi iliyowambwa, unagonga taratibu katikati, na unga unakimbia, unajipanga ukingoni. Ukiona umejipanga duara zuri, ngozi yako iko sawa. Ukiona umekwenda upogo, upande mmoja ngozi ni nene, kaukwangue. Mama yako alikuwa anapiga kelele, "Unga wa watu unachezewa ngozi! Mtakula ngoma leo!" Tukaacha unga tukatumia vumbi. Weka akilini hilo la vumbi, maana nitalirudia.

Sasa nikupeleke kwenye kibanda cha ngoma za kijiji. Umekua ukiziona zimewekwa mle, kubwa na ndogo, lakini sijui kama uliwahi kufikiri kwa nini ziko mbili. Kubwa ni ya kuita. Viboko wameingia kwenye mpunga, nyumba inaungua, mtu amefariki: ikilia, njooni wote. Ndogo ilitoka zama za babu zetu, misafara ilipokuwa inapita kukamata watu. Ikilia hiyo, usije. Ingia kwenye matete ukae humo mpaka uitwe. Mapigo yalikuwa yaleyale kwa zote mbili, ya haraka na yasiyo na urembo wowote, ili yeyote atakayewahi kufika kibandani aweze kupiga, hata mtoto, hata mtu anayetetemeka. Tofauti ilikuwa sauti tu. Nene, njoo. Nyembamba, kimbia. Ilitutosha miaka yote hiyo.

Kisha Wadachi wakataka pamba. Mashamba ya karibu na kijiji yakawa ya pamba yao, na mpunga wetu tukausogeza mbali bondeni, na madungu, vile vibanda vya kulindia, yakahamia huko. Mtu anayelinda mpunga juu ya nguzo za dungu lake kule mwisho alikuwa haisikii ndogo vizuri. Vita vya maji vilipowaka kule milimani kusini, na vijana wetu kadhaa wakaenda kunywa ile dawa na hawakurudi, hofu ikatuingia. Wazee wakaja hapa hapa nilipokaa. Wakasema, "Fundi, tufanyie ndogo ifike mpaka dungu la mwisho."

Nilifurahi, mwanangu. Watu walikuwa wanakufa na mimi nilifurahi kupewa kazi ngumu.

Ndogo ya wazee ilikuwa na mdomo wa shubiri moja na ngozi ya kenge. Mimi nikachonga mzinga mpya wa mninga, mdomo shubiri mbili, maana ngozi pana husukuma hewa nyingi na sauti hufika mbali. Lakini wewe unaijua hesabu hiyo: mdomo ukipanuka sauti hunenepa. Kwa hiyo nikaurudisha wembamba wake kwa njia mbili. Niliacha kenge nikachukua ngozi ya mbuzi mchanga, nikaikwangua mpaka ikapitisha mwanga wa jua, kwa sababu ngozi nyepesi hutetema upesi. Kisha nikaiwamba, nikaivuta, nikaivuta tena, mpaka vigingi vyenyewe vikalia. Ikatoa sauti kali kuliko ile ya zamani, na kubwa mara mbili yake.

Umeona nilichofanya? Nina hakika umeshaona, wewe huwa unaona kabla yangu. Wembamba wa ngoma ya zamani ulikaa ndani ya mti. Mdomo wa shubiri moja haulegezwi na umande. Mimi niliutoa ule wembamba kwenye mti nikauweka wote kwenye mvuto wa ngozi, na ngozi hunywa maji. Wazee wale ambao hawakujua kuandika hata alifu walikuwa wamelijua hilo, na ndiyo maana waliichonga nyembamba. Nilidhani hawakuwa na mti mkubwa.

Siku ya kuijaribu, mama yako ndiye aliyetumwa dungu la mwisho. Tulipatana kwamba akisikia apepee leso yake nyekundu. Jua lilikuwa la utosini, wiki nzima mvua haijagusa ardhi. Nikapiga pigo moja. Nikahesabu moja mpaka nne, leso ikapepea, ndogo kabisa kule mbali, na kijiji kizima kikapiga vigelegele. Nimewahi kusifiwa maishani, lakini siku ile nilijiona mrefu.

Mjomba wako Kibwana ndiye aliyekuwa zamu ya kulinda kibanda miezi ile. Baada ya siku chache, tumekaa na watu barazani, akanambia, "Shemeji, mie kukiwa na ukungu asubuhi naisikia hino ngoma imeshuka. Hailii kama ile siku ya leso. Tuweke japo makaa kibandani tuwe tunaipasha, au turudishe kenge."

Nikamjibu mbele za watu, "Ngoma yangu si chungu cha uji, haihitaji moto. Nenda kazibue masikio yako."

Watu wakacheka. Naye akacheka, unamjua alivyo, hana kinyongo. "Haya fundi," akasema, "mjuzi ni wewe." Nami sikuinuka alfajiri hata moja kwenda kusikiliza. Nilikuwa nimeshaipima saa ya mchana, saa iliyonipendeza, na sikutaka kusikia nyingine.

Sasa nimefika. Nimesimama kidogo kunywa maji.

Wewe ulikuwa chuoni Kibiti, kwa mwalimu. Mimi na mama yako tulikuwa dunguni. Tezo ilikuwa imenikata wayo, natembea kwa kuchechemea. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na alfajiri ile ilikuwa imekatika, ukungu umelala juu ya maji, baridi, hakuna upepo. Asubuhi kama hizo sauti huteleza juu ya mto na kufika mbali kuliko wakati wowote. Mama yako alikuwa ameswali, ameinjika uji. Ngoma ikaanza.

Akashika mkono wangu. "Baba Shabani, sikiliza. Hiyo kubwa au ndogo?"

Nikasikiliza. Ilikuwa nene. Lakini haukuwa unene wa kubwa, ulikuwa unene uliolegea, kama mtu aliyetoka usingizini. Ungekuwa karibu usingekosea, kwa sababu kila ngoma ina mikwaruzo yake midogo juu ya sauti, na ndiyo inayokwambia ni ipi. Kwa mbali ile mikwaruzo hudondoka njiani, unabaki unene na wembamba tu. Na bado, Shabani, kitu ndani yangu kiliniambia: hiyo ni ndogo, imelowa. Niliyasikia maneno hayo waziwazi. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, nilijua.

Watu wa madungu mengine nao walikuwa wamesimama, wanaitana katika ukungu. Mmoja akapaza sauti, "Fundi! Ipi hiyo? Tuende au tusiende?" Walijua nipo. Waliniuliza mimi kwa sababu nani mwingine wangemuuliza?

Nikajibu kwa sauti kubwa, bonde lote likanisikia: "Kubwa hiyo! Ndogo yangu hailii hivyo!"

Mama yako akajifunga leso. "Basi ni msiba, au viboko," akasema. "Wewe na mguu wako njoo polepole, mie natangulia. Koroga uji usiungue." Akashuka ngazi, akaingia mtumbwi wa jirani, ukungu ukawameza. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, kuhusu uji. Nilikuwa naukoroga niliposikia bunduki.

Askari walikuwa wamekuja kwa njia ya nchi kavu na kuuzingira ukingo wa kijiji. Watu wetu walikuwa wanashuka kwenye mitumbwi wakikimbilia nyumbani, na nyumbani ndiko walikokuwa wanangojewa. Nilipofika, askari walikuwa wameshaondoka na ghala zilikuwa zinaungua. Nilimkuta mama yako kwenye matope, pale mitumbwi inapofungwa. Nilimbeba mwenyewe, mguu wangu sikuusikia. Nikamlaza barazani nikamfunika. Hayo watu walikwambia, na kwamba sikulia, na kwamba niliondoka kimyakimya. Wakadhani nimekwenda kulia peke yangu.

Nilikwenda kibandani.

Kile kibanda hawakukichoma, kiko kando, matete yamekificha. Nikaingia, nikatazama ndogo. Ngozi ilikuwa imelegea, imelowa, na juu yake alama za viganja vya Kibwana, wazi kama nyayo kwenye udongo wa mto. Nikatazama kubwa. Juu ya ngozi yake kulikuwa na vumbi, lile la siku zote, la nyasi za paa. Lilikuwa limetanda sawasawa kote, kuanzia katikati mpaka ukingoni. Hakuna mkono uliokuwa umeigusa. Ngozi inayopigwa haiachi vumbi lilale hivyo, hata mtoto aliyecheza mchezo wetu angejua.

Kwa hiyo Kibwana alipiga ndogo. Alifika, alipiga ngoma aliyopaswa kupiga, akaendelea kupiga mpaka askari wakamkaribia. Mikono yake haikukosea. Ilikosea ngoma yangu, na kabla ya ngoma nilikosea mimi, na baada ya ngoma nikakosea tena kule dunguni kwa mdomo wangu.

Nikashika upindo wa kanzu yangu, kanzu yenye damu ya mama yako, nikaifuta ngozi ya ndogo mpaka alama za viganja zikapotea. Kisha nikainua mkono, nikaipiga kubwa pigo moja, si kwa nguvu. Vumbi likakimbia kutoka katikati, likajipanga ukingoni duara zuri. Nikatoka.

Nimeandika. Nilidhani nikifika hapa mkono utakataa, lakini umeandika.

Mchana Kibwana akarudi kutoka porini. Wazee wakamweka kati. "Nilipiga ndogo," akasema. "Wallahi nilipiga ndogo." Mzee mmoja akasema, "Fundi mwenyewe ameisikia kubwa, bonde zima limemsikia akisema." Wakaenda kibandani kutazama. Wakaona vumbi la kubwa limekaa ukingoni. Wakarudi wakasema iliyopigwa ni kubwa. Kibwana akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe unanijua. Unaijua mikono yangu." Nami nikatazama chini, na watu wakaona huruma, wakasema tazama, hataki hata kumlaumu shemeji yake.

Walimkataza kushuka kaburini. Hilo sikukwambia na sidhani kama kuna aliyekwambia. Nani wa kumpokea mwanamke kaburini kama si ndugu yake wa tumbo moja? Alisimama nyuma ya watu, mikono imening'inia, na mimi nilishuka na mzee mwingine tu. Nilikuwa mle ndani nikaiona miguu yake juu, na ningesema neno moja wangempisha. Sikusema.

Kitu kinachoniua ni cha baadaye. Baada ya arobaini alinijia, amekonda. Akakaa hapa kwenye magogo. Akasema, "Shemeji, labda nilikosea. Kulikuwa na ukungu, nami niliogopa, mikono ilikuwa inatetemeka. Labda nilishika kubwa nikadhani ndogo." Alikuwa anatafuta nimwambie hapana. Aliacha kuiamini mikono yake mwenyewe, mikono iliyofanya kazi sawasawa, kwa sababu mimi nilinyamaza. Nikamwambia, "Yamepita hayo." Akainuka, wiki ile ile akahamia Nyamwage. Anaishi huko peke yake, analima mtama, na nasikia hata harusi zikipigwa ngoma yeye huondoka.

Na wewe uliporudi kutoka Kibiti ukasimuliwa. Nilikuona siku uliyokutana naye njiani kabla hajahama. Alikuita, "Mwanangu." Hukuitika, ulimgeuzia mgongo ukapita. Mvulana uliyekuwa unapanda mabega yake. Nilikuwa nyuma yako nikaliona lile, na moyoni nikapata nafuu, Mungu anisamehe, kwa sababu ule mgongo nilistahili kugeuziwa mimi.

Mwaka mzima umekaa hapa, umenipikia, umenipasulia kuni, umenihurumia. Kila ulichonipa nilikuwa nakichukua kwa wizi. Ulipougua homa wakati wa njaa nilikaa kitandani kwako nikisema, akipona namwambia. Ukapona. Nikasema, acha apate nguvu kwanza. Ukapata nguvu. Kisha ikaja habari ya yule fundi wa Kilwa anayetaka mwanafunzi, na nikaona kwamba utaondoka na uongo wangu mgongoni pamoja na mzigo wako.

Huko Kilwa utajifunza ala za nyuzi. Mimi sizijui sana. Najua tu kwamba uzi ukiubana katikati hasa, hukurudishia sauti ileile ya kwanza, ila ya kitoto, na ukiukaza hupanda, na ukiuweka mnene huteremka. Fundi wako atajua zaidi, na wewe utamzidi, maana una sikio ambalo mimi sikuwa nalo ila nililitumia. Sina busara ya kukupa. Nina mambo mawili niliyoyapata kwa bei ambayo si mimi niliyeilipa. Kazi yako isikilize pia siku usiyoipenda, mvua ikinyesha, alfajiri, wakati watu hawapo. Na ukiulizwa jambo na moyo wako unasita, sema, "Sijui." Ningelisema neno hilo kule dunguni, watu wangekaa wakasikiliza tena. Mama yako angekuwa pamoja nawe leo Chumbi, anagombana na shangazi yako kuhusu ming'oko.

Ijumaa hii, baada ya swala, nitasimama mbele ya wazee niseme yote niliyoyaandika hapa. Sikutaka wayasikie kabla yako. Watanifanya watakavyonifanya, na nina hakika hakuna atakayeniletea ngozi tena. Nakwambia hivi ili unifunge: ukipata habari kwamba Ijumaa ilipita nami nikanyamaza, basi rudi wewe usimame usome barua hii msikitini. Usinionee haya.

Sasa ombi langu, kisha nikuache uvuke.

Nilikwambia ngoma hii unaipeleka Kilwa fundi akaone kazi ya baba yako. Haiendi Kilwa. Ni ileile ndogo, sijaibadilisha ngozi yake. Wazee waliniachia niichukue kwa sababu hakuna aliyetaka kuiona tena. Njia yako inapita Nyamwage, na nilijua ulikuwa umeshapanga kupita usiku au kuzunguka porini usimwone mjomba wako. Usizunguke. Ulizia nyumba yake. Msomee barua hii yote, hata pale nilipofuta.

Anaweza asiamini. Mtu akishajihukumu mwaka mzima, maneno ya karatasi hayamtoshi. Ndiyo maana nimekupa ngoma. Ilaze nje, juu ya nyasi, msiipashe moto wala kuifunika. Alfajiri, umande ukiwa bado, mpe yeye aipige, mapigo yaleyale ya haraka. Wewe usisimame karibu. Nenda mwisho wa shamba lake la mtama, mbali kadiri utakavyoweza, umpe mgongo, usikilize. Kisha rudini, mkoke moto, muipashe mpaka ngozi ikaze, na uende tena mwisho wa shamba naye apige tena. Atajua mwenyewe. Mikono ni ileile, ngoma ni ileile, na sauti zitakuwa mbili.

Lakini ile ya kwanza, ya umande, isikilize vizuri, mwanangu. Ndiyo aliyoisikia mama yako. Utakaposimama kule mwisho wa shamba na kujiuliza ni kubwa au ni ndogo, utakuwa umesimama pale aliposimama yeye, akinitazama mimi nimjibu.

Ukishaisikia, rudi kwa mjomba wako, umshike mikono yote miwili, umwamkie.

Mimi baba yako, niliyeiwamba.